.30-06 kwa nyati? Hapana

Kaka uliyeuliza kama bunduki yako ya .30-06 (namba hiyo ni aina ya risasi inayotumia) inatosha kuwinda nyati kule pori la akiba la Rungwa: iache nyumbani Dodoma. Kwa swala na ngiri ni bunduki safi sana, ila kwa nyati anzia bunduki yenye risasi kubwa zaidi, .375 H&H. Hiyo ipo tangu 1912, inatupa risasi ya greni 300 (karibu gramu 19), na haikupigi bega kupita kiasi. .416 Rigby na .458 zina nguvu zaidi, kweli, lakini mtu anayefumba macho kabla ya kuvuta triga kwa kuogopa teke la bunduki atajeruhi tu, na nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila mtu aliye nyuma yako, hasa mfuatiliaji wa nyayo ambaye hana hata bunduki.

Ninachokusihi zaidi ni aina ya risasi. Ya kwanza iwe laini lakini imara, inayotanuka bila kuvunjikavunjika. Zinazofuata ziwe ngumu, zisizotanuka, kwa sababu nyati akishageuka kukimbia unampiga kutokea nyuma na risasi inatakiwa ipenye mpaka kifuani. Moyo wake umekaa chini: akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, ishia theluthi ya chini ya kifua. Ukipanda juu zaidi unaukosa.

Darubini ya bunduki iwe ya ukuzaji mdogo, miombo ya kule imefunga na mnyama mnakutana naye karibu. Na mazoezi fanya ukiwa umesimama, bunduki juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja kama tegemeo, siyo ukiwa umeketi na kuiegemeza mezani.