Ukungu wa Songwe ulininyima Berlin: usiunganishe ndege siku hiyohiyo

Jana asubuhi nimepata ujumbe kutoka kwa binti wa Vwawa. "Dada shikamoo. Nimepata nafasi ya kusoma Ujerumani. Ndege ya Songwe inafika Dar saa nane na nusu mchana, ya kwenda nje inaondoka saa kumi na moja jioni. Wakala anasema muda unatosha. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa kitaluni, mikono imejaa udongo. Nilikaa kwenye ndoo nikausoma mara tatu. Marahaba mdogo wangu. Jibu langu ni hapana, na kwa kuwa najua mko wengi huku kwetu, kuanzia Tunduma mpaka Makambako, mnaohangaikia kutoka na masomo au biashara zenu, nalijibu hapa mbele ya wote.

Mnaonifuata mnajua kwamba naotesha miche ya parachichi Tukuyu, aina ya Hass. Miaka miwili iliyopita kikundi chetu cha akina mama kumi na wanane kilinichagua niende Berlin kwenye Fruit Logistica, maonesho ya matunda na mboga yanayofanyika kila Februari kwa siku tatu. Walinichangia nauli. Kuna mama aliuza mikungu yake yote ya ndizi ya wiki ile ili jina lake lisikosekane kwenye daftari. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kununua tiketi, nami nikanunua mbili tofauti, moja ya Songwe, uwanja wetu wa Mbeya, mpaka Dar na nyingine ya Dar mpaka Berlin, kwa sababu hivyo niliokoa shilingi laki moja na themanini. Nilisimama mbele ya kikundi nikaitaja hiyo laki na themanini kwa fahari. Wakanipigia makofi.

Ndege yangu ya Songwe ilikuwa ya saa nne asubuhi, ya nje saa kumi na moja jioni. Nilikuwa na karibu saa tano za kukaa Dar. Wewe binti una mbili na nusu.

Tuliondoka Tukuyu gizani. Uyole kulikuwa na manyunyu, Mwanjelwa watu wanafungua vibanda, mteremko wa Iwambi tukaushuka taratibu nyuma ya malori ya Tunduma. Tulipopita Mbalizi na kukaribia uwanja, sikuona kitu. Nyeupe tupu. Mwanzo nilidhani ni ukungu wa kawaida tu, huu tuliozaliwa nao.

Ndege ilikuja kwa wakati. Tuliisikia juu ya vichwa vyetu, watu wakainuka na mabegi, mzee mmoja akaanza kuagana na wanawe. Ikazunguka. Ikazunguka tena. Kisha sauti ikafifia, ikageuza kurudi Dar. Baadaye nilielezwa: rubani akishuka mpaka kimo alichowekewa na hajauona uwanja, hana ruhusa ya kujaribu bahati, lazima apae. Sina kinyongo naye. Ningekuwa ndani ya ile ndege ningemshukuru.

Kinyongo nilicho nacho ni juu yangu mwenyewe, na bado kinaniuma ninapoandika. Kuanzia saa nne na nusu mpaka saa nane mchana nilikuwa nimekaa pale, simu mkononi, chaji imejaa, namba ya shirika la nje iko kwenye karatasi ya tiketi. Sikupiga. Nilimsumbua dada wa kaunta asiye na kosa, nikasali, nikapiga picha ukungu nikawatumia akina mama. Ukungu ulipoinuka ndege ikarudi kutuchukua, tukatua Dar saa kumi na dakika tano, nikashukia Jengo la Pili, nikasubiri sanduku, nikatoka mbio kutafuta gari la kunipeleka Jengo la Tatu. Msiotoka mara nyingi jueni kwamba haya ni majengo mawili tofauti. Huvuki mlango mmoja ukawa upande wa pili. Nilifika kaunta saa kumi na nusu. Ilikuwa imefungwa, kwani mashirika mengi hufunga kaunta za safari za nje saa moja kabla ya ndege kuondoka. Kijana aliniambia kwa upole: "Mama, umechelewa."

Kwa shirika la nje mimi nilikuwa abiria ambaye hakutokea. Hawakuwa na habari na Songwe wala ukungu wake, tiketi zilikuwa mbili. Na abiria asiyetokea hapotezi ndege ya kwenda peke yake: safari zote zilizobaki kwenye tiketi hufutwa, na ya kurudi ikiwemo. Hilo sikulijua. La ndani likasema limetimiza wajibu wake, limenifikisha Dar. Nikakumbuka bima, ile ya viza yenye kinga ya euro 30,000. Nikaisoma vizuri kwa mara ya kwanza, nimesimama pale ukumbini: ni ya matibabu. Kuachwa na ndege haimo. Tiketi mpya iliombwa shilingi milioni tatu na laki mbili, na mimi nilikuwa na laki nne na chupa sita za mafuta ya parachichi.

Nilirudi kwa basi. Akina mama walinisubiri kwa mwenyekiti, hakuna aliyenisema hata neno. Mwenyekiti alinishika mikono miwili, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, "umerudi salama." Bora wangenigombeza.

Sasa nisikilizeni. Lala Dar. Kama ndege ya nje ni Alhamisi, ondoka Songwe Jumatano, na ukiweza Jumanne. Usiniambie gharama ya gesti, mimi nimeshailipa hiyo gesti mara kumi bila kulala ndani yake. Kama mashirika yako mawili yana makubaliano ya kuuziana safari, nunua tiketi moja yenye namba moja ya bukingi, maana hapo ukichelewa katikati ni juu yao kukufikisha. Kama hayana, wakala asikudanganye kwa kukuchapia karatasi moja yenye safari mbili. Muulize namba za bukingi ni ngapi. Zikiwa mbili, lala Dar.

Na piga simu. Ukiona mambo yanaharibika, piga kabla ndege yako ya pili haijaondoka. Tiketi nyingi zinabadilishika kwa faini ukiwahi kutoa taarifa, na ndege ikishapaa mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Jambo jingine ambalo limewaumiza ndugu zangu wawili ni tarehe. Tiketi ikisema 00:35 tarehe 14, hiyo ni saa sita na dakika thelathini na tano usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa uwanjani jioni ya tarehe 13. Ukienda tarehe 14 usiku umechelewa siku nzima.

Mwaka huu akina mama walinichagua tena. Nililia. Nililala Dar siku mbili, tiketi ya kutoka Dar mpaka Berlin na kurudi ikiwa moja, na Berlin nimeiona, wateja nimekaa nao mezani. Wakati wa kurudi ndege ya Berlin iliharibika, tukachelewa saa tano, ya kuunganisha ikaniacha. Safari hii sikutetemeka. Walinipa hoteli, chakula na nafasi kwenye ndege ya kesho yake bila kunidai senti. Nilifika nyumbani nikaandika madai kwa kutaja Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Ukiondoka kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya, shirika liwe la nchi yoyote, ukafika mwisho wa safari umechelewa saa nne au zaidi, na safari inazidi kilomita 3,500, unastahili euro 600. Hali mbaya ya hewa haihesabiki, ila ubovu wa kawaida wa ndege unahesabika. Ukitoka huku kwenda Ulaya, kanuni inakulinda pale tu shirika lenyewe linapokuwa la Umoja wa Ulaya. Mwanzo walinipa vocha. Nikaikataa, nikaandika tena, nikaandika mara ya tatu. Wiki iliyopita euro 600 zimeingia benki, na kikundi kimenunua neti ya kivuli ya kitalu kizima. Yule mama wa ndizi ndiye aliyefunga kamba ya kwanza.

Wakala atakwambia ameuza tiketi kama hizo miaka yote na watu wamesafiri. Ni kweli, wengi wamesafiri. Mwambie akuandikie kwamba ukiachwa atakulipia nyingine, uone kama kalamu yake ina wino.

Binti wa Vwawa amenijibu leo. Amewahisha safari ya Songwe kwa siku mbili, amelipia elfu hamsini za kubadilisha. Dar hana ndugu, kwa hiyo atafikia kwa mdogo wangu Kipawa, hapo jirani na uwanja. Nimempa pia chupa moja ya mafuta ampelekee.