Kwa mnaoanza utafiti wa viungo vya chakula na seli za neva

Wadogo zangu mnaoingia maabara hapa Dodoma, ninalowasihi zaidi ni hili: msiiamini rangi ya zambarau kabla hamjaihoji.

Wengi mtaanza na kipimo cha MTT, kinachoonyesha ni seli kiasi gani ziko hai. Seli hai huigeuza kemikali hiyo ya njano kuwa formazani ya zambarau, nasi tunasoma ukolezo wake kwenye nanomita 570 hivi. Sasa, manjano, karafuu na mdalasini vimejaa antioksidanti (kemikali zinazozuia madhara ya oksijeni kwenye seli), na baadhi yake huigeuza MTT zenyewe, bila seli hata moja. Umeziumiza seli kwa haidrojeni peroksidi, ukatia dondoo la karafuu, zambarau ikakolea: huenda seli zimekufa na karafuu ndiyo iliyopaka rangi. Kila sahani iwe na vishimo vya dondoo na MTT pasipo seli. Kisha thibitisha kwa njia nyingine, kama kupima kimeng'enya cha LDH kinachovuja seli inapopasuka.

Kuna mtego wa pili. Ukitia dondoo na peroksidi kwa pamoja, dondoo linaweza kuimaliza peroksidi kwenye kimiminika kabla haijaigusa seli. Hapo hujalinda neva yoyote. Tanguliza dondoo, lipe saa zake, osha, ndipo ulete peroksidi.

Sampuli nayo ina mambo yake. Pale soko la Majengo nunua mizizi mizima ya manjano, ukaushe na kusaga mwenyewe. Bangladesh iliwahi kubainika kwamba unga wa manjano ulitiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, ili ung'ae, na risasi ni sumu ya neva hizo hizo unazotaka kuzilinda.

Zijueni seli zenyewe. Seli za SH-SY5Y, mtakazokutana nazo sana, zilitokana na saratani ya mtoto wa kike wa miaka minne. Ni seli za saratani, zinagawanyika. Neva iliyokomaa haigawanyiki. Matokeo yake ni hatua ya kwanza tu.

Na ndugu wataanza kuuliza kama manjano yatamponya bibi anayesahau. Wajibu ukweli, kwa upole. Kurkumini, kemikali kuu ya manjano, hufyonzwa kidogo mno tumboni. Utafiti wa 1998 ulionyesha piperini ya pilipili manga huongeza ufyonzwaji huo sana, lakini kufika kwenye damu si kufika kwenye ubongo. Bibi aendelee kula pilau lake, na apelekwe hospitali akachunguzwe, maana kusahau kwingine husababishwa na upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo, na huko kunatibika.