Kumnusuru mhusika wa Hardcore katika mchezo wa kompyuta wa Diablo II
Mdogo wangu wa Wete, umeeleza kwamba kila unapofika Hell, ngazi ngumu kuliko zote, mhusika wako wa Hardcore hufa, na kwa kuwa katika Hardcore anayekufa harudi tena, jasho lako lote hupotea. Kwa maelezo yako, naona kinachokuangusha ni kinga: katika toleo la nyongeza la mwaka 2001, Lord of Destruction, ngazi ya Hell hukata pointi 100 katika kinga ya moto, ya baridi, ya umeme na ya sumu, hivyo ili ubaki na asilimia 75 katika kila moja unahitaji jumla ya 175, nami ningeitanguliza hiyo kuliko silaha yoyote, hata iwe nzuri namna gani. Usiiharakie Hell; Nightmare, ngazi iliyo kabla yake, hukata 40 tu, na vifaa vyake vitakufaa sana. Fungua mlango wa kurudi mjini kabla ya kumkabili adui mkuu, wala usisubiri mpaka uzidiwe. Tena, kwa kuwa umeme na mtandao wetu hukatika bila ya taarifa, nakusihi ucheze peke yako nje ya mtandao, ambako kitufe cha Esc husimamisha mapigano yote. Ukiwa mtandaoni, mawasiliano yakikatika, mhusika anaweza kubaki kwa muda mbele ya maadui bila ya mtu wa kumwongoza.