Kosa la Worf si kumpeleka mtoto kwa bibi

Swali la wiki hii liliuliza: katika tamthilia za kubuni za kisayansi, ni baba yupi aliyemtelekeza mwanawe, na kosa lake hasa ni lipi? Jibu langu ni Worf wa Star Trek, tamthilia za Kimarekani za safari za angani: ni Mklingoni, mtu wa jamii ya wapiganaji kutoka sayari nyingine, afisa wa meli ya angani Enterprise, na baba yake Alexander. Wengi wanaomlaumu hushikilia kwamba alimpeleka mtoto Duniani kwa babu na bibi. Mimi naona kosa halikuanzia hapo.

Hapa Tanga mtoto kulelewa na bibi Muheza au Pangani, baba akiwa melini au Dar es Salaam, ni malezi ya kawaida. Baba anatuma ada na sare, anapiga simu, Idi ikikaribia mtoto anajua nani anakuja. Simu na safari hizo zikikatika ndipo mtoto anakuwa ametupwa, hata kama kwa bibi anakula na kushiba.

Tuanze na sehemu iitwayo "Reunion", msimu wa 4 wa The Next Generation, mojawapo ya tamthilia za Star Trek, mwaka 1990. K'Ehleyr, mama wa mtoto, anauawa na Duras, Mklingoni hasimu wa Worf. Worf wakati huo amevuliwa heshima na Waklingoni wenzake, na ndiyo maana mwanzoni hataki hata kumtambua mtoto, asije akarithi aibu. Mama anapokata roho anaikutanisha mikono yao. Baadaye Worf anamwambia mtoto kwamba atakwenda Duniani, na mtoto anamuuliza kama yeye ndiye baba yake. Anakubali, anamkumbatia. Kisha Alexander anapelekwa kwa Sergey na Helena Rozhenko, binadamu waliomlea Worf mwenyewe alipobaki yatima baada ya mauaji ya Khitomer, makazi ya Waklingoni. Kwa hili namtetea kabisa: alimpeleka kwenye nyumba iliyomkuza yeye.

Ufa unaonekana kwenye "New Ground" ya 1992. Helena anamrudisha mjukuu kwa baba yake melini, wazee wameshindwa, na mtoto anamtaka baba. Kwenye shule ya humo melini anaiba, akiulizwa anadanganya. Worf anamsimamisha mbele ya sanamu ya Kahless, shujaa mkuu wa Waklingoni, na kumweleza jinsi alivyopigana na nduguye siku 12, usiku na mchana, kwa sababu ndugu huyo alivunja neno lake. Ni hotuba nzito, lakini anaambiwa mtoto mdogo aliyefiwa na mama. Haimwingii. Dawa ya pili ya Worf ni shule ya Waklingoni, yaani kumwondoa tena. Mshauri Deanna Troi ndiye anayemfumbua macho: mtoto huyu alimpoteza mama, mara baba naye akamwondoa. Ugonjwa wa Worf ni huo. Mtoto analeta huzuni, yeye anajibu kwa somo la heshima.

Kwenye "Firstborn", 1994, anapewa onyo ambalo baba wengine hawalipati. Mgeni anayejiita K'mtar anamhimiza Alexander awe shujaa wa vita, na mwisho inajulikana kwamba ni Alexander mwenyewe, amekuja kutoka miaka 40 ijayo. Amekuwa mtu wa suluhu, ameona baba yake akiuawa, na anajilaumu kiasi cha kutaka kumuua yule mtoto aliyekuwa yeye. Worf anamwambia njia ya amani nayo ina heshima. Hapo unaamini baba ameelewa.

Mwaka 1995 Worf anahamia kituo cha angani cha Deep Space Nine, katika tamthilia yenye jina hilohilo, mtoto yuko tena kwa babu na bibi, na kimya kinaanza. Umbali si kisingizio. Katika sehemu ya kwanza ya msimu wa 6 wa tamthilia hiyo, Kapteni Benjamin Sisko, mkubwa wa Worf, anazungumza na mzee wake Joseph aliye Duniani kupitia kioo cha mawasiliano, na mzee anamuuliza yuko wapi mjukuu wake Jake. Chombo kipo, vita vimepamba moto, na bado babu na baba wanaulizana habari za mtoto. Sehemu mbili baadaye, kwenye "Sons and Daughters" ya 1997, askari wapya wanapanda meli ya Jenerali Martok wa Waklingoni, ambako Worf anatumikia. Mmoja ni Alexander. Anajitaja kwa jina la Rozhenko. Hajitambulishi kama mwana wa Worf, bali kwa jina la ukoo wa babu aliyemlea. Kwetu jina la pili la mtoto ni la baba, kwa hiyo tunajua uzito wa tendo hilo. Hakuna hotuba inayolishinda.

Yanayofuata ni ya kuumiza. Kijana hajui kushika silaha, wenzake wanamcheka, anachokoza ugomvi asiouweza. Worf akijaribu kumfundisha upanga wa bat'leth wanagombana, kwa sababu baba ameanza na mkono badala ya kuanza na lile lililo moyoni. Yanakaa sawa pale tu anapokubali kwamba yeye pia ana la kujifunza: atamfundisha mwana vita, naye afundishwe ubaba.

Waandishi nao nawalaumu kwa mambo mawili. Kwa kalenda ya tamthilia, kutoka 2367 hadi 2374 mtoto wa chekechea amekuwa askari, na jeraha la miaka 7 linatibiwa ndani ya sehemu moja. Na anayeanza kutazama kwenye "Sons and Daughters" atamwona Alexander kijana mzembe wa kuchekwa, basi. Fuata mpangilio nilioutaja, kisha umalizie na "You Are Cordially Invited", ya mwaka huohuo wa 1997.

Humo Worf anamuoa Jadzia Dax, afisa mwenzake. Alexander amepangiwa meli nyingine, na harusi inawahishwa, ifungwe kabla hajaondoka. Miaka yote mtoto ndiye aliyesogezwa kufuata ratiba ya baba. Safari hii baba amesogeza harusi yake mwenyewe, na mpambe aliyesimama kando yake na upanga ni mwanawe.

Msomaji, Ngamiani, Tanga