Maswali na majibu: kamba ya kazi si kamba ya kushukia mtu

Swali: Kamba ya kazi kwenye gari letu la zimamoto ni nene kuliko ile ya uokoaji. Mbona tunakatazwa kushukia nayo?

Jibu: Unene hausemi kamba imepitia nini. Hii ndiyo inayopandisha shoka na mipira ya maji, inayoshikilia mlango usijifunge, inayozungushiwa eneo la hatari. Huburutwa juu ya vioo na misumari, na hakuna anayeandika imebeba nini. Kamba ya uokoaji ina daftari lake: ilianza kazi lini, imetumika mara ngapi, nani aliikagua.

Juni 1980, jijini New York, wazimamoto wawili walikufa kamba ilipokatika, mmoja akiwa katika kumwokoa mwenzake. Msiba ule ulichochea kutungwa kwa kiwango namba 1983 cha NFPA, chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, ambacho sasa kimeunganishwa ndani ya NFPA 2500. Kinataka kamba ya uokoaji ya matumizi ya jumla isikatike kwa mzigo ulio chini ya kilonyutoni 40, yaani takriban tani 4. Kamba yenu nene huenda ilifika hapo ilipokuwa mpya. Leo je? Macho peke yake hayawezi kukujibu.

Zitenganisheni kwa rangi, kwa mifuko na kwa maandishi makubwa, maana gizani mkono hushika kamba ya kwanza unayoikuta. Kamba ya uokoaji iliyostaafishwa inaweza kushushwa iwe ya kazi, mradi ikatwe vipande na kuwekwa alama. Ya kazi haipandi cheo kamwe.

Swali: Tulipokuwa tukipandisha shoka ghorofani lilichomoka na kuanguka. Tulikosea wapi?

Jibu: Nadhani mlifunga mpini sehemu moja tu. Funga kitanzi cha mizunguko miwili inayopishana kwenye mpini, chini kidogo ya kichwa cha shoka. Kisha ipitishe kamba chini ya kichwa, irudishe juu sambamba na mpini, na uibane kwa vizingo viwili (kizingo ni mzunguko mmoja wa kamba unaojibana wenyewe), cha pili karibu na mwisho wa mpini. Shoka litapanda kichwa kikiwa chini, na uzito wenyewe utakaza mafundo. Acha kamba ya pili ining'inie hadi chini, aliye chini aivute kando ili shoka lisigonge ukuta wala dirisha.

Kwa mpira wa maji ulio mkavu, yaani usio na maji ndani, kunja pua yake irudi juu ya mpira, ufunge vyote viwili pamoja, kisha weka kizingo kwenye mkunjo. Hakikisha kamba haiwezi kuvuta mkono wa kufungulia maji. Na chini ya kinachopandishwa asisimame mtu, hata wa kuelekeza. Hili nalikazia kwa sababu ndilo husahaulika haraka zaidi.

Swali: Kamba niioshe na kuianika vipi?

Jibu: Maji baridi, sabuni laini, bila dawa ya kung'arisha nguo. Ianike kivulini penye upepo. Jua kali hula nyuzi, hasa za polipropilini, ile plastiki ya kamba zinazoelea. Usiikaushe karibu na injini. Nailoni iliyolowa hupungukiwa nguvu kiasi, hivyo irudi mfukoni ikiwa imekauka kabisa. Ikikauka, ipitishe yote viganjani polepole, bila glavu. Vidole huhisi pale palipolegea, palipokakamaa au palipoyeyuka na kung'aa kama plastiki. Macho hayaoni kiini, yaani nyuzi za ndani, kilichokatika ilhali ganda la nje ni zima.

Swali: Kamba ya manjano inayoelea inafaa kwa kazi zote?

Jibu: Kwa majini ni nzuri. Karibu na moto, hapana: polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi, wakati polyester na nailoni nyingi huvumilia zaidi ya 200.

Swali: Asidi ya betri ilidondokea kamba ya nailoni. Nimeiosha na haina doa. Niendelee kuitumia?

Jibu: Hapana. Asidi huharibu nailoni bila kuacha alama. Ikate vipande vifupi leo hii, asije mwenzako akaiokota na kuirudisha kwenye gari.