Barua kwa mwanangu: kosa la barabarani na kazi ya ualimu

Mwanangu,

Barua yako imenifikia, na nimeona nikujibu kwa maandishi badala ya simu, ili uweze kurudia kusoma ukitulia. Unaniambia polisi walikusimamisha asubuhi baada ya sherehe ya rafiki yako, ukapuliza kipimo cha ulevi kikatoa 0.07, yaani gramu 0.07 za pombe katika kila mililita 100 za damu, na huko uliko mwisho ni 0.05. Umeshtakiwa, lakini tarehe ya mahakama haijafika. Wakati huohuo shule imekupa nafasi ya kufundisha, na fomu yao inauliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai. Umeuliza kama kazi ndiyo imekwisha, na kama unaweza kuandika "hapana" maadamu hakimu bado hajatamka lolote.

Kazi haijaisha. Nimekaa kwenye kamati za kuajiri walimu kwa miaka mingi, na najua mezani huzungumzwa nini. Kamati inapokutana na kosa la mwombaji, swali lake kubwa ni kama watoto watakuwa salama mikononi mwa mtu huyu. Ukatili, makosa ya kingono na biashara ya dawa za kulevya hufunga mlango mara moja. Faini ya mwendo kasi au ya kuegesha vibaya haimshughulishi mtu, na mahali pengi hata si jinai. Lako liko katikati, na sitalipunguza uzito ili upate usingizi. Kuendesha ukiwa na kilevi kupita kiwango ni jinai katika nchi nyingi, sawa na kuendesha kwa hatari, kugonga na kukimbia, au kushika usukani huku umefungiwa leseni. Ukitiwa hatiani, tarajia litaonekana shule itakapoomba taarifa zako polisi.

Hata hivyo kosa la namna hiyo hupimwa kwa mazingira yake. Watakuuliza kama mlikuwa na mtoto garini, kama kuna aliyeumia, kama ulibishana na askari, na kama ni mara ya kwanza. Hilo la mwisho ndilo wanalolichimba sana, kwa sababu anayezidiwa na pombe huanza kuchelewa, halafu hukosa vipindi, na wanaoumia ni wanafunzi. Kosa moja, lisilo na majeruhi, la mtu ambaye hana historia hiyo, nimeona likijadiliwa na kupita. Jambo moja tu linaweza kubadilisha hesabu: kama nafasi yenyewe inakudai uendeshe gari la shule. Ukifungiwa leseni hutaweza kuifanya sehemu hiyo ya kazi, kwa hiyo waulize mapema kama imo kwenye majukumu yako.

Sasa hilo neno "hapana". Soma swali la fomu neno kwa neno. Kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo mawili, na kama wameuliza hatia peke yake, leo "hapana" ni kweli. Lakini angalia mbele kidogo. Utaanza kazi, hukumu itatoka, kisha mkuu wa shule atajua, iwe kwa ukaguzi wa polisi, iwe kwa mzazi mmoja aliyekuwepo mahakamani siku hiyo. Hapo hatauliza tena habari za kipimo. Atauliza kwa nini ulisaini mkataba huku ukijua una kesi ukanyamaza. Walimu niliowaona wakipoteza kazi kwa makosa ya udereva, wengi wao hawakuponzwa na udereva wenyewe. Waliponzwa na kuficha. Kosa la barabarani hujadiliwa kama kosa la asubuhi moja. Uongo kwenye fomu hujadiliwa kama tabia, na chombo kinachosajili walimu kinaweza kuuchukulia kwa uzito kuliko faini ya mahakama.

Kwa hiyo jibu swali lao kwa usahihi, kisha ambatisha barua fupi ya kueleza kwamba una shtaka ambalo halijaamuliwa. Taja tarehe, kosa, kipimo kilichosomeka, na siku utakayofika mahakamani. Ahidi kuwajulisha matokeo, na uwajulishe kweli siku ileile. Nusu ukurasa unatosha. Usiandike kwamba barabara ilikuwa tupu wala kwamba askari alikuonea. Kabla ya kuipeleka, mwonyeshe wakili, kwa sababu maneno utakayoyaandika kuhusu kesi inayoendelea yanaweza kurudi mahakamani. Mwambie pia kwamba wewe ni mwalimu. Wapo wanaokubali kosa haraka ili kesi iishe, bila kujua hukumu hiyo inafanya nini kwenye usajili wao.

Soma pia mkataba na kanuni za maadili ya walimu za huko. Mara nyingi zinamtaka mwalimu aripoti hata shtaka, achilia mbali hukumu, na zinaweza kuweka siku maalumu. Wala usijipe moyo kwamba miaka itafuta kila kitu. Uingereza, kwa mfano, ina sheria tangu 1974 inayoruhusu hatia nyingi za zamani zisitajwe tena baada ya muda, lakini kazi za kuwa na watoto, ualimu ukiwemo, zimewekewa masharti makali zaidi. Uliza huko kwenu ni vipi kabla ya kuamini maneno ya marafiki.

Kuna sentensi kwenye barua yako iliyonikaa moyoni. Umesema ulilala, ukaoga, ukanywa kahawa, ukajiona mzima kabisa. Nakuamini, na ndiyo maana nataka ujue mwili unavyofanya kazi. Pombe huondolewa na ini kwa mwendo wake wenyewe, wastani wa karibu 0.015 kwa saa kwa kipimo hicho walichokupima. Kahawa hukuondolea usingizi tu, na maji ya baridi hayaongezi kasi ya ini hata kidogo. Mtu aliyemaliza kunywa akafikia 0.15 saa saba usiku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi bado ana karibu 0.07. Anajihisi salama kwa sababu analinganisha na hali yake ya usiku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo kisizidi 0.05, na 0.02 kwa vijana na madereva wapya, kwa kuwa uwezo wa kuona hatari na kufunga breki kwa wakati huanza kupungua mapema, kabla mtu hajayumba. Mwanangu, saa hiyo ndiyo saa ya watoto kwenda shule kwa miguu. Nimelifikiria hilo kuliko nilivyofikiria kazi yako, na nashukuru kwamba askari ndiye aliyekukuta kwanza.

Kamati ikikuita na kukuuliza umejifunza nini, hilo ndilo jibu, ikiwa unalisadiki. Lieleze kwa maneno yako. Kama kuna kozi ya madereva waliokamatwa kwa ulevi, jiandikishe sasa, usingoje kuamriwa. Na kama nafsi yako inakwambia kwamba pombe imeanza kuzoeleka, niambie mimi kwanza. Sitakugombeza.

Inawezekana wakakunyima. Kuna shule zisizotaka kesi ya aina yoyote, na ni haki yao. Itauma, lakini utaomba kwingine ukiwa na barua ileile, na hutaishi ukihofia kila mgeni anayeingia ofisi ya mkuu.

Gari liache hapo lilipo mpaka kesi iamuliwe, nenda kazini kwa basi. Mtafute wakili wiki hii, halafu unitumie rasimu ya barua. Nitaisoma siku hiyohiyo. Tarehe ya mahakama nijulishe mapema nipange safari, maana sitaki uingie humo peke yako.

Mama yako