Bendi ya tumbo: kutapika sio kazi yake

SWALI: Daktari habari. Mimi niko na miaka 41, nauza vitenge hapa Malaba. Mwaka 2018 ndugu zangu walinichangia nikaenda nje nikawekewa ule mpira wa tumbo, nilikuwa kilo 118. Mwaka wa kwanza nilishuka mpaka 91, nikafurahi sana. Saa hii niko 107. Nyama siwezi, posho siwezi, chapati ndio kabisa, natapika karibu kila siku na usiku maji machungu yananipanda kooni nakohoa. Rafiki yangu anasema kutapika ni mpira unafanya kazi nivumilie, mwingine anasema kuna mtu Kampala anaongeza maji kwenye mpira kwa bei nafuu, na kuna chai nauziwa ya kuyeyusha mafuta. Niongeze maji? Na wenzangu waliowekewa wanajuta ama ni mimi tu niko na roho dhaifu?

JIBU: Dada yangu, usiongeze maji hata tone. Yanatakiwa kupunguzwa, na kwa hayo machungu ya usiku mimi ningeyatoa yote wiki hii hii halafu ndio tukae tuongee. Nimeanza na hilo kwa sababu najua kuna watu wanasoma mstari wa kwanza tu wanaweka simu mfukoni.

Sasa huyo rafiki yako. Hayo maneno ya kwamba kutapika ndio mpira unafanya kazi nayasikia karibu kila kliniki, na kila nikiyasikia damu inachemka, maana anayeyasema huwa si adui, ni mtu anakupenda kabisa. Watu wameshaamini bendi, yaani huo mpira unaozunguka sehemu ya juu ya tumbo, ukiongezwa maji unakaza, yakitolewa unalegea, ni kama askari wa getini, chakula kinafika, kinakataliwa, kinarudi kilikotoka, basi umekonda. Hapana bana. Bendi iliyokaa vizuri haikatai chakula. Ukimeza tonge dogo ulilolitafuna sawasawa, umio unalisukuma mara mbili tatu nne linapita, ni kitu cha dakika moja hivi, na kila likipita linabonyeza pale juu ya tumbo, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwa ubongo kwamba huyu ameshiba. Kazi yake ni hiyo tu, kukushibisha na chakula kidogo na hiyo shibe ikae masaa. Chakula kikikwama mpaka kitokee mdomoni ujue kuna kitu hakiko sawa, ama bendi imekazwa mno, ama imeteleza na tumbo limepanda juu yake, ama unakula mbio mbio matonge ya mtu mzima mwenye njaa. Na mara nyingi moja linazaa lingine, kwa sababu kule kutapika kwenyewe ndiko kunavuta tumbo lipande, likishapanda unatapika zaidi, unazunguka humo humo miaka.

Hicho kikohozi cha usiku ndicho kinanitisha kuliko kilo. Maana yake chakula kimelala juu ya bendi, umio umeanza kutanuka kama mfuko, ukilala kinarudi na kingine kinaingia kwenye mapafu. Nimeshaona watu wanatibiwa pumu mwaka mzima, wamepewa na dawa za kuvuta, kumbe ni bendi.

Kuhusu roho dhaifu, hebu tuhesabu. Nyama huwezi, posho huwezi, chapati huwezi. Sasa nini kinapita? Nakisia tu lakini sikosei sana: chai ya maziwa yenye sukari, mandazi yaliyolowekwa humo humo kwenye chai, soda, juisi, aiskrimu, mchuzi wa karanga peke yake bila matoke. Vyote hivyo ni laini, vinateleza vinapita bendi kama haipo, havishibishi na vimejaa nguvu ya mwili kushinda ile nyama uliyoikimbia. Bendi iliyokazwa mno inakufundisha kula vibaya, na ndio maana mtu anatapika kila siku na bado anaongezeka kilo 16. Hapo roho yako haina kesi yoyote, ni bomba limebanwa na wewe umetafuta njia ya kuishi.

Swali lako la pili ni zuri na watu hawaliulizi kabla ya kwenda, wanaliuliza wakisharudi. Kuna wapasuaji wa Ubelgiji walichapisha mwaka 2011 habari za watu wao waliowawekea bendi miaka ya tisini, wakawapata 82 baada ya miaka 12 na zaidi. Karibu nusu walikuwa wameshatolewa bendi. Kwa watu kama 28 kwa kila 100, bendi ilikuwa imekula ukuta wa tumbo ikaingia ndani. Lakini walipoulizwa kama wameridhika, asilimia 60 wakasema ndio! Ukisoma mara ya kwanza unaweza kudhani wamekosea hesabu, lakini mimi naona ina maana kabisa, mtu aliyewahi kupungua, akavaa nguo aliyoitamani, akapanda ngazi bila kuhema, hata kama baadaye kilo zilirudi na bendi ikatolewa hasemi ilikuwa bure. Na mwingine mwenye kilo nzuri kabisa anajuta kwa sababu miaka minane hajakula kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, ya ndugu yake bila kukimbilia chooni. Kuridhika na kilo ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo yule anayekuuliza mwaka wa kwanza kama umefurahi anajua jibu kabla hajauliza, kila mtu mwaka wa kwanza anafurahi. Mimi naomba waulizwe mwaka wa sita.

Na kwetu hapa Uganda kuna majuto mengine hayamo kwenye hizo karatasi za wazungu. Ukikonda haraka watu hawakupi hongera, wanakuangalia shingo. Ugonjwa wa ukimwi huku tuliupa jina la kukonda, silimu, na wale waliozika ndugu miaka ya themanini na tisini hawajasahau. Nilikuwa na mama mmoja alishuka kilo 30, mama mkwe akaanza kumpelekea supu kila jioni na kunong'ona na majirani, mwisho akaanza kula aiskrimu makusudi mashavu yarudi. Sikumlaumu.

Kwa upande mwingine kuna wale wa Melbourne, Australia, kundi la mpasuaji Paul O'Brien, wao watu wao baada ya miaka 15 walikuwa bado wamepunguza karibu nusu ya uzito uliozidi. Bendi ni ile ile. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba kule mtu anarudi kliniki miaka yote, anaongezewa maji kidogo, anapunguziwa, anaulizwa amekula nini na amekulaje, na hata hivyo wengi wao walirudi mezani kufanyiwa marekebisho. Sasa wewe umewekewa nchi ya mbali, umepewa faili na miadi ya wiki sita ambayo nauli yake ni mtaji wa duka, nani alikufuatilia? Bendi bila mtu wa kuirekebisha ni kama baiskeli umeuziwa bila breki halafu unaambiwa umeanguka kwa sababu hujui kuendesha.

Halafu mwaka 2018! Wakati huo hata Marekani walikuwa wameshaikimbia. Mwaka 2011 zaidi ya theluthi moja ya operesheni zao za kupunguza uzito zilikuwa bendi, mpaka 2019 ilibaki kama asilimia 1 tu, watu wamehamia silivu, ile ya kukata tumbo libaki kama ndizi. Sisemi bendi ni uchawi. Mtu wa kwanza kuiweka kwa njia ya matundu madogo, mwaka 1993 huko Huy, Ubelgiji, ni mzaliwa wa Ethiopia hapa jirani, Mitiku Belachew, na wakati huo ilikuwa hatua kubwa sana, hakuna kukata utumbo na inaweza kutolewa. Lakini aliyekuuzia 2018 bila kukwambia wenzake wanaiacha na bila kukuuliza nani atakushika mkono mwaka wa tano, huyo alikuuzia tu.

Sasa nije kwa huyo mtu wa bei nafuu. Ile poti ya kuingizia maji iliyo chini ya ngozi yako ina kifuniko cha silikoni, na inachomwa kwa sindano yake maalum inaitwa Huber, ncha yake inapasua silikoni bila kutoa kipande, ikitoka silikoni inajifunga. Sindano ya kawaida ya famasi inamega kipande, poti inaanza kuvuja, na hapo unahitaji operesheni nyingine ya kubadilisha poti. Tena kila bendi ina kiasi chake, kuna za mililita 4 na kuna za zaidi ya 10, unaongeza nusu, unaongeza moja, unampa mtu glasi ya maji anywe mbele yako akiwa amekaa, yakishuka vizuri ndio anaenda nyumbani. Mwaka juzi nilipokea dada amejaziwa maji kwenye chumba cha nyuma cha saluni, kitanda kile kile cha kufanyia masaji, amefika hamezi hata mate, poti nyekundu, usaha unatoka. Tulitoa kila kitu. Aliyemfanyia alishahama na saluni yake.

Hiyo chai nayo. Nyingi ya hizi chai za kupunguza tumbo ndani ni sena, majani ya kuharisha, kwa hiyo unachopungua ni maji na kinyesi, mafuta yako yametulia pale pale yanakutazama. Zingine zimeshakutwa katika nchi mbalimbali zimechanganywa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi, na kwenye pakiti hawaandiki, wanaandika asili asilimia mia. Wewe unayetapika kila siku ukiongeza kuharisha unapoteza potasiamu kutoka pande zote mbili, na moyo bila potasiamu unacheza mdundo wa ajabu.

Kitu kingine naomba msome polepole hapa hata kama bendi hamna, hata waliokatwa silivu, hata wajawazito wa kutapika sana. Mtu akitapika wiki mbili tatu mfululizo vitamini B1 inaisha mwilini, haina akiba kubwa. Miguu inawaka moto au inakosa nguvu, macho yanaona viwili viwili, kutembea kama mlevi, mwishowe anachanganyikiwa na ndugu wanaanza kutafuta nani kamroga. Sasa sisi tunapenda dripu, mtu akiwa mnyonge anapelekwa kliniki ya karibu anatundikiwa glukosi, na glukosi ikiingia kabla ya B1 inaimalizia ile kidogo iliyobaki, anaingia mgonjwa anatoka hawezi kukumbuka jina la mtoto wake. Ukifika kliniki yoyote sema, nimetapika wiki nyingi, nina bendi, nipe B1 kwanza. Ni dawa ya bei ndogo tu. Usione haya kumwambia daktari, hata akikasirika atapoa.

Wale mnaotaka kwenda nje sasa hivi, naona simu zenu, hamuulizi tena bendi mnauliza silivu, mnauliza puto, mnauliza sindano za kupunguza uzito, na zote zinauzwa kwa mdomo ule ule. Puto linakaa tumboni kama miezi sita kisha linatolewa, sindano ukiacha uzito mwingi unarudi, silivu haina maji ya kurekebisha lakini ina vitamini za maisha na damu ya kupima kila mwaka, na kipande kilichokatwa hakirudi. Zinasaidia, mimi mwenyewe nawapeleka watu, mtu wa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 35 kwenda juu au mwenye 30 na sukari isiyoshikika, huyo kabisa ana sababu. Ila muulize anayekuuzia jina la mtu atakayekuona ukiwa Uganda, mwaka wa kwanza na mwaka wa saba, jina la mtu na si la ukurasa, halafu ulitafute kwenye orodha ya baraza la madaktari kama yumo. Ukiambiwa hakuna haja ya kufuatiliwa, beba mkoba wako uondoke.

Nirudi kwako dada. Maji yatolewe na mtu mwenye sindano sahihi, hiyo ni kazi ya dakika chache na wengi wanapata nafuu siku hiyo hiyo, wanalala. Kisha eksirei ya kumeza bariamu ituonyeshe bendi imekaaje na umio umetanukaje, na kamera kuangalia kama imeingia ndani ya tumbo. Ikiwa imetulia mahali pake tunaipumzisha bila maji wiki kadhaa, umio ukirudi tunaanza upya kidogo kidogo na mtu wa lishe. Ikiwa imeteleza au imeingia ndani, inatoka, na sitakudanganya, ikitoka peke yake kilo zinarudi kwa watu wengi, kwa hiyo tutaongea kama ugeuzwe kwenda silivu au baipasi, ile ya kuunganisha utumbo na kifuko kidogo cha tumbo, ila kwa mwenye kiungulia kama chako mimi naegemea baipasi, na sipendi kufanya yote siku moja, napenda tumbo lipumzike kama miezi mitatu.

Kabla ya siku hiyo, ukishindwa kumeza hata mate, au tumbo likauma vibaya bila kuacha, au homa, au choo cheusi kama lami, usingoje basi la asubuhi, nenda hospitali kubwa iliyo karibu na uwaambie neno bendi kabla hawajakuandikia vidonda vya tumbo.

Njoo na faili lile la 2018, hasa karatasi yenye aina ya bendi na ni mililita ngapi ziliwekwa mara ya mwisho, hata kama imeandikwa lugha huielewi. Na pakiti ya hiyo chai pia, usiitupe, nataka kuiona.